UZI: B.E.2c ya mwaka 1916 ilikuwa na rangi gani? Tusikimbilie kijani

Mjukuu wa Kasha (Tanga)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, anayesoma kwa simu atafute kivuli akae.

Vijana wa mtaani kwetu hapa Ngamiani tunachonga ndege ya mbao, karibu mita moja kutoka pua hadi mkia, kwa ajili ya maonyesho ya historia ya shule moja mjini. Ndege yenyewe ni B.E.2c, aina iliyoletwa Afrika Mashariki na Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Waingereza, kikosi cha watu wa Afrika Kusini. Walishuka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916, wakaweka uwanja Mbuyuni karibu na Taveta. Mbao tumemaliza, mabawa tumeyavalisha kitambaa, nyaya tumezikaza. Tumekwama kwenye rangi.

Mwalimu anayesimamia maonyesho anasema kijani, kwa kuwa ndege ya jeshi ni kijani. Kijana mmoja kaleta picha ya mtandaoni, ndege iko kahawia inayokaribia damu ya mzee. Mimi nasema kwa ndege ya mwanzo wa 1916 zote mbili siyo, na naomba nieleze nilikofikia ili mwenye kujua zaidi anirekebishe.

Kabla ya rangi, kuna waliotaka tuitundike juu ya mchoro wa mapigano ya Tanga. Hapana. Novemba 2 hadi 5, 1914, siku zile nyuki walipowatimua askari porini, hapakuwa na ndege hata moja angani, ya Mjerumani wala ya Mwingereza. Ndege za Waingereza zilianza pwani yetu baadaye mwezi uleule, kule delta ya Rufiji, kuitafuta Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani. Ya kwanza ilikuwa Curtiss ya kutua majini. Mapema 1915 zikaja Sopwith, zikawekwa kisiwa cha Nyororo karibu na Mafia, na joto likazishinda: gundi ililegea, pangaboi zikapinda na kupasuka. Ndipo zikaletwa Caudron na Farman, zikaruka kutoka Mafia kuelekeza mizinga mpaka Königsberg ilipokwisha, Julai 11, 1915. Farman zile zilikuwa na kiunzi cha chuma, na mwenye kuijua pwani hii hahitaji kuelezwa kwa nini.

Nataja joto kwa sababu rangi ya ndege za wakati ule haikuanza kama pambo, wala haikuanza kama maficho. Ilianza kama dawa ya kitambaa.

Mabawa yalivalishwa kitani. Kitani kikishavutwa juu ya kiunzi na kushonwa hupakwa dopu, maji mazito ya selulosi ambayo yakikauka hukivuta kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Dopu ya mwanzo haikuwa na rangi. Kwa hiyo ndege nyingi za Waingereza za 1914 na 1915 zilibaki na rangi ya kitani chenyewe. Wazee wetu walikuwa na kitambaa kinachoitwa merikani, pamba ambayo haijatiwa dawa ya kung'arisha. Chukua merikani mpya, ipake vanishi nyepesi, iache ikauke: inakuwa kati ya maziwa na asali. Ndiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba jua huozesha kitani. Mionzi ya urujuanimno hupenya dopu isiyo na rangi na kuula uzi taratibu. Ndiyo maana mwaka 1916 Waingereza wakaingiza mchanganyiko ulioitwa P.C.10: udongo wa manjano wenye kutu ya chuma ndani yake, pamoja na masizi kidogo. Unga ule ulizuia jua, na juu ya faida hiyo ndege ikafichika ikiangaliwa kutoka juu.

Hapa ndipo watafiti wa Uingereza wamegombana kwa miongo mingi: P.C.10 ilikuwa kijani au kahawia? Anayeshangaa ajaribu nyumbani. Manjano ukiyatia nyeusi kidogo hayawi manjano meusi, yanageuka kijani cha ugoro. Nilijaribu kwenye kifuniko cha kopo na sikuamini macho yangu. Lakini kutu ya chuma ndani ya udongo ikiwa nyekundu zaidi, mchanganyiko uleule unaelekea kwenye kahawia. Ukipaka vanishi juu yake, unazidi kuiva. Unga huohuo ukikorogwa katika mafuta kwa ajili ya mbao na bati, hauonekani sawa na uliokorogwa katika dopu kwa ajili ya kitambaa, hata vikiwa vimepakwa asubuhi moja. Baadaye kwa nchi zenye jua kali ikatengenezwa P.C.12, yenye wekundu zaidi. Nadhani picha ya kijana wetu imetoka huko.

Ndege za Kikosi cha 26 zilifungwa makashani mwishoni mwa 1915, kabla P.C.10 haijaenea. Kwa hiyo ndege yetu, kama tunasema ni ya Januari au Februari 1916, inatakiwa kuwa ya kitani kitupu: mabawa ya merikani, nguzo za mbao zilizopakwa vanishi, bati la injini kijivu, duara za utambulisho zenye buluu nje, nyeupe katikati na nyekundu kiini. Usukani wa mkia ni buluu mbele, nyeupe, nyekundu nyuma. Wengi huugeuza kwa sababu ndege za Waingereza za miaka ya 1930 zilianza na nyekundu.

Naomba hoja.

---

Fundi Rangi Chumbageni

Mjukuu, umesema kweli kuhusu vanishi. Mimi napaka magari, sijui ndege, lakini nikuongezee kitu cha kazini. Mteja akileta gari lililopauka anataka mlango mmoja upakwe ufanane na mengine, rangi siichukui kwenye boneti. Boneti imekula jua miaka kumi. Nafungua kifuniko cha tangi la mafuta, au naangalia chini ya mpira wa mlango, ndiko rangi ya kiwandani ilikojificha. Tena hata pale natia kompaundi kwanza, nasugua kidogo, kwa sababu juu kuna ukoko. Usiposugua unachanganya rangi ya ukoko.

Na usichague rangi chini ya taa ya tyubu. Toka nje.

---

Mjukuu wa Kasha

Fundi, umeeleza kazi ya jumba la makumbusho bila kuingia ndani yake. Hivyo hasa ndivyo wanavyofanya.

Wanaotafuta rangi halisi hawaanzii ubavuni. Wanafungua kibati chenye namba ya kiwanda na kuangalia chini yake. Wanatazama pale bati moja lilipolalia jingine, ndani ya vifuniko vya ukaguzi, nyuma ya mkanda wa kitambaa. Halafu wanachukua msasa laini sana na maji, wanasugua sehemu ndogo kama sarafu mpaka kwenye bati. Ukiangalia unaona miduara kama kitunguu kilichokatwa, kila duara ni koti moja la rangi, la mwisho nje na la kwanza katikati. Pale jumba la makumbusho la Smithsonian, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi walikuwa wanaikarabati Fw 190 F, ndege ya Kijerumani ya vita ya pili. Walipoondoa tabaka moja baada ya jingine, walikuta rangi za maisha yake ya nyuma, kabla haijabadilishwa kuwa aina ya F. Angekuja mtu na kikwaruzo cha chuma siku ya kwanza, habari yote hiyo ingekuwa vumbi sakafuni.

Tena kuna ukaguzi wa hadubini. Kipande kidogo kama punje ya chumvi kinagandishwa ndani ya plastiki, kinakatwa wima, na tabaka zinahesabiwa. Unga wenyewe hutoa ushahidi wa umri. Rangi nyeupe ya titaniamu haikuingia sokoni kwa wingi kabla ya miaka ya 1920. Ukiikuta kwenye duara nyeupe ya ndege ya 1916, basi duara hiyo imepakwa upya baadaye, hata kama mwenye ndege anaapa. Nyeupe ya zamani ilikuwa ya risasi au ya zinki.

Na ule ukoko uliousema ndio uliowapoteza watu kwenye Zero, ndege ya kivita ya Wajapani ya vita ya pili. Kwa miaka mingi wauza ndege ndogo za plastiki waliipaka kijivu cheupe. Mabaki yaliyookotwa visiwani yalikuwa na ungaunga mweupe juu, rangi imechoka na jua na chumvi. Yaliposuguliwa, chini yake kukatokea kijivu kilichoiva, chenye uzeituni na umanjano ndani yake. Wengine wakaiona kijani, wengine kahawia, na mjadala wake unaendelea hadi leo.

---

Mwana Pwani (Bagamoyo)

Mbona mnajitesa? Picha za vita ile zipo. Na sasa kuna programu za simu, unaweka picha nyeusi na nyeupe, inatoka na rangi zake. Nimeitia picha ya Ngome Kongwe yetu hapa ikatoka vizuri sana.

---

Mjukuu wa Kasha

Ndugu yangu wa Bagamoyo, hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo linalopotosha vijana wengi, na mimi mwenyewe liliniteka.

Programu ile haioni rangi iliyopotea. Imelishwa mamilioni ya picha za rangi za siku hizi, ikajifunza kwamba anga huwa buluu na majani huwa kijani. Ikikutana na ndege ya jeshi, inakisia kama alivyokisia mwalimu wetu. Ngome Kongwe unaijua kwa macho yako, kwa hiyo ikikosea utaikamata. Ndege ya 1916 hakuna aliye hai wa kuikamata.

Na picha yenyewe, hata kabla ya programu, inadanganya kwa namna yake. Filamu nyingi za wakati wa vita ya kwanza zilikuwa za othokromatiki. Filamu hizo huona buluu na kijani, nyekundu hazioni. Chukua duara ya Mwingereza: macho yetu yanaona buluu ni nzito kuliko nyekundu. Kwenye filamu ile buluu inatoka hafifu, imefifia karibu na nyeupe, na nyekundu inatoka kama makaa. Manjano nayo hutoka yameiva kuliko yalivyo. Mtu asiyelijua hili anaangalia picha, anaona kiini cheusi na pete hafifu, anaandika kwamba ndege ilikuwa na alama nyeusi. Zilipokuja filamu za pankromatiki, zinazoona mpaka nyekundu, hesabu ikageuka. Na mpigapicha akiweka kioo cha manjano mbele ya lenzi, inageuka tena.

Kwa hiyo picha ina kazi yake: inakuonyesha mpaka wa rangi ulipita wapi, namba iliandikwa ukubwa gani, kama bawa la kushoto lina kiraka. Jina la rangi halimo humo.

Picha za rangi za vita ya pili zina afadhali, lakini nazo zina yake. Filamu ya Kodachrome, iliyoanza kuuzwa 1935, hutunza rangi vizuri ikihifadhiwa gizani. Aina nyingine za baadaye hupauka vibaya, kijani kikitoweka na picha nzima kuelemea zambarau. Unachokiona basi ni uzee wa filamu, na ndege umeisahau.

---

Mwana Pwani (Bagamoyo)

Sawa, nimekuelewa. Lakini jeshi si lilikuwa na maagizo? Karatasi inasema rangi fulani, basi ndiyo hiyo.

---

Mjukuu wa Kasha

Karatasi ni shahidi mkubwa, ila ni shahidi wa kilichoamriwa. Mfano mzuri ni Uingereza, Juni 1940. Iliamriwa matumbo ya ndege za kivita yapakwe rangi iliyoitwa Sky. Rangi yenyewe haikuwa imefika ya kutosha vikosini, na jina lake liliwachanganya watu: kuna waliodhani ni samawati, kuna walioijua kwa jina la rangi ya yai la bata. Vikosi vikakoroga vyenyewe kwa kilichokuwepo. Ndiyo maana ndege mbili za kiangazi kile, kutoka viwanja viwili, zinaweza kuwa na matumbo tofauti na zote zikawa sahihi.

Hapa lugha yetu inatusaidia, na wengi hatulioni hilo. Sisi rangi nyingi tunaziita kwa kitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni yale manjano ya kwenye mchuzi. Ukimwambia mtu wa Tanga "kijani", swali la haki ni jani lipi. La mkonge lina unga wa kijivu juu yake. La mwembe uliokomaa ni zito, karibu na nyeusi. Chipukizi la mwembe uleule ni jekundu! Bila kusema jani la mti gani na la umri gani, hujasema rangi. Watafiti waliona shida hiyohiyo, wakaiacha njia ya majina. Mmarekani Albert Munsell tangu 1905 alipanga rangi kwa vipimo vitatu: ni ya ukoo gani, ina mwanga kiasi gani, na ina ukali kiasi gani. Siku hizi kuna spektrofotomita, kifaa unachokigusisha kwenye rangi kikakupa tarakimu. Tarakimu haibishani na kumbukumbu ya mtu.

Ila angalieni vitabu vya namba za rangi navyo vina umri. Mtu akikwambia ndege ya Marekani ya 1943 "rasmi ilikuwa namba fulani ya Federal Standard 595", kumbuka orodha hiyo ilitoka 1956. Ni makisio ya karibu yaliyofanywa baadaye, hakuna fundi wa 1943 aliyeishika.

---

Bibi Makorora

Wanangu nawasoma kimyakimya. Mimi nilikuwa nauza kanga. Kanga iliyopauka, mteja akitaka kujua ilivyokuwa mpya, nilikuwa nafumua upindo kidogo. Ndani ya upindo jua halifiki. Lakini swali langu: haya yote kwa ndege ya mbao ya watoto wa shule? Mtoto akiona ndege ya rangi ya merikani atasema hamkumaliza kazi.

---

Mjukuu wa Kasha

Shikamoo bibi. Swali lako nimelilalia usiku mzima, na naomba nilijibu kwa jambo langu.

Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, alipigana Burma. Alirudi na kasha la mbao. Nililikuta kwa shangazi, limepakwa nyeupe, limechakaa, nikalichukua niliweke sebuleni. Siku moja nikanunua msasa mgumu, nikalikwangua lote kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Nilipita kwenye nyeupe, nikapita kwenye samawati, nikapita kwenye kijani kilichoelemea ugoro, nikafika kwenye mbao. Nilifurahi, mbao ilikuwa nzuri. Wiki mbili baadaye shangazi akaniuliza, ile namba ya babu iliyokuwa chini ya ile samawati umeiacha? Babu mwenyewe ndiye aliyewahi kumsimulia kwamba namba yake ya jeshi iliandikwa pale. Mimi niliipitia kwa msasa bila kuiona. Vumbi lake nililifagia nje kwa mkono wangu.

Tangu siku ile siwezi kuona mtu anashika brashi au msasa juu ya kitu cha zamani nikanyamaza. Mwaka 2012 huko Misri, katika jangwa la magharibi, ilipatikana Kittyhawk, ndege ya kivita ya Waingereza iliyoanguka Juni 1942. Miaka 70 mchangani. Mchanga ulikuwa umesugua sehemu mpaka bati likang'aa, lakini sehemu nyingine zilibaki na rangi yake. Baadaye ilipakwa upya yote, rangi za dukani, zisizohusiana na ilivyokuwa. Linganisha na ndege yao ya mabomu, Halifax namba W1048, iliyotua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen kule Norwei, Aprili 1942, ikazama. Ilitolewa 1973 na sasa iko London katika jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza sehemu kubwa ikiwa kama ilivyotoka majini. Ukitaka kujua rangi ya Halifax ya 1942, yenyewe ipo. Ukitaka kuijua ya Kittyhawk ile, utategemea picha zilizopigwa kabla ya brashi.

Ndege yetu ya mbao haiharibu ushahidi wowote, hilo ni kweli bibi. Lakini mtoto wa Tanga atakayeiona ataibeba kichwani maisha yake yote. Akiambiwa kijani, atakapokuwa mkubwa akakutana na picha halisi ataona kosa ni la picha.

---

Fundi Rangi Chumbageni

Mjukuu, pole kwa kasha. Njoo gereji na vipande vya kitambaa. Vanishi ninayo, masizi tutakwangua kwenye sufuria za mama ntilie, udongo wa manjano kautafute wewe. Ila kwa ndege ndogo usipake rangi kamili kama ilivyo, itaonekana nzito. Ipunguze kidogo kwa nyeupe.

---

Mjukuu wa Kasha

Naleta mrejesho, wakuu.

Jumamosi tulikaa gereji kwa Fundi mpaka magharibi. Tulipaka vipande vinne vya merikani: cha kwanza vanishi tupu, cha pili udongo na masizi bila vanishi, cha tatu mchanganyiko uleule na vanishi juu, cha nne mchanganyiko wenye udongo mwekundu zaidi. Mwalimu alikuja mwenyewe. Tukavitoa nje juani, tukavipanga juu ya meza, tukamwomba aonyeshe kile cha kijani. Akaonyesha cha pili. Tukamwonyesha cha tatu, akasema hiki ni kahawia. Tulipomwambia vyote viwili vimetoka kopo moja alikishika mkononi muda mrefu, akakigeuza, akakitazama upande wa nyuma ambako rangi haikufika. Kisha akauliza cha kwanza ni nini. Tukamwambia ndiyo B.E.2c ya Januari 1916.

Amekubali. Ameomba vipande vyote vinne vitundikwe kwenye ubao chini ya ndege, watoto wavishike.

Kwa hiyo mabawa tunaanza wiki hii, vanishi nyepesi makoti mawili, kama alivyoshauri Fundi bila kuzidisha. Vipande vingine vinne vya aina hizohizo nimevipigilia juu ya bati la nyumba yetu, kila kimoja nusu yake nimeifunika kwa ubao. Leo ni siku ya kumi na moja. Nusu iliyo wazi ya kile cha nne tayari imeanza kutofautiana na iliyofunikwa. Nitavishusha mvua za vuli zikianza, nivipige picha kivulini na juani, niwaletee hapa.

Mwenye kujua panapopatikana udongo wa manjano uliokoza karibu na Muheza au Pangani aniandikie. Niliotumia niliukusanya kando ya barabara na una mchanga mwingi.